Shuka Anafua Nani?



Shangazi yangu alisafisha vyumba vya hoteli hapa Malindi kwa miaka mingi kuliko niliyokaa mimi darasani. Mgeni akiondoka haachi chumba kitupu. Huacha chupa ya mafuta ya jua iliyobaki nusu, kandambili, kofia ya ukindu aliyouziwa kwa bei ya mgeni, na kitabu. Mafuta na kandambili vilikuwa na wagombeaji. Vitabu havikuwa na mtu, kwa hiyo shangazi akawa anavikusanya, anavifunga kwenye leso, ananiletea. Ndivyo nilivyoanza kusoma riwaya za mapenzi, na ndivyo nilivyoijua Toscana kabla sijafika hata Garsen.

Nilisoma usiku, na Jumapili, siku yake ya mapumziko, nikamhadithia huku akichambua mchele. Mara moja nilimsimulia kitabu cha wanawake wanne wa Kiingereza, waliochoka na mvua ya London na maisha yao ya huko, wakachanga pesa na kukodi kasri kando ya bahari Italia kwa mwezi mzima wa Aprili. Niliupamba sana ule mwezi wa Aprili. Nikamweleza maua yanayoning'inia kutani, bahari iliyotulia chini ya dirisha, na jinsi mioyo iliyokuwa imeganda ilivyoyeyuka mmoja baada ya mwingine. Shangazi hakunikatiza. Nilipofika mwisho aliinua uso kutoka kwenye ungo, akauliza: "Na hayo mashuka, mwanangu, anafua nani?"

Nilicheka. Leo, miaka mingi baadaye, sicheki tena. Swali lile nimelibeba katika kila riwaya ya mapenzi ya Italia niliyoisoma, na jioni hii nataka tupite nalo pamoja.

Kitabu chenyewe ni The Enchanted April cha Elizabeth von Arnim, cha mwaka 1922. Mwandishi alikuwa amekaa mwenyewe katika kasri moja kule Portofino, kwa hiyo hakubuni yale maua. Na jibu la shangazi limo humo humo. Yupo Francesca anayetumika ndani, yupo Costanza mpishi, yupo Domenico wa bustani. Majina wamepewa, na vichekesho viwili vitatu. Lakini hadithi haina muda wa kutuambia wao nao wanataka nini duniani. Wao ni sehemu ya mandhari, kama bahari.

Mandhari ndilo neno lenyewe. Miaka 14 kabla ya hapo, mwaka 1908, E. M. Forster alitoa A Room with a View, na mchezo wote unaanza na ugomvi wa dirisha. Msichana Lucy amefika Firenze na binamu yake mtu mzima, wakaahidiwa vyumba vinavyotazama mto Arno, wakapewa vinavyotazama uani. Baba mmoja na mwanawe wakajitolea kubadilishana nao vyumba, na kutokana na fadhila hiyo ndogo, isiyo ya adabu kwa mizani ya Waingereza wa wakati ule, mapenzi yakazaliwa. Utamu wa Forster ni kwamba anajua anachokicheka. Mwenye nyumba ya wageni ile, anayeitwa Signora, hata si Mtaliano. Akifungua kinywa inatoka lafudhi ya mitaa ya London. Umesafiri mbali kwenda kutafuta moyo wako, na anayekukaribisha ni jirani yako.

Mwaka huo huo wa 1908, London, mabwana wawili, Mills na Boon, walifungua kampuni ya vitabu. Unawajua. Vitabu vyao vimelala barabarani Nairobi juu ya magunia, jalada limejikunja, mtu kaandika jina lake ndani kwa kalamu ya wino mwaka ambao wewe hukuwa umezaliwa.

Sasa tuje kwa za siku hizi. Riwaya ya Italia huhitaji kuifungua ili kuijua. Jaladani kuna malimau. Kama hakuna malimau kuna pikipiki ya Vespa, na kama hakuna Vespa kuna mwanamke ametupa kisogo, kofia pana, anatazama bahari. Ndani yake mwanamke huyo ana miaka kati ya 28 na 40, ametoka Marekani au Uingereza, amefiwa, au ameachwa, au amefukuzwa kazi, na mara nyingine yote matatu kabla ya ukurasa wa 20. Anarithi nyumba, au anapata barua ya zamani, au anajiandikisha kwenye darasa la upishi. Anakutana na mwanamume mwenye shamba la mizabibu na mikono ya kazi. Mwishoni anabaki.

Hapo nadhani nimewachongea waandishi kwa ulimi, kwa hiyo niwatendee haki. Katika Love & Gelato ya Jenna Evans Welch, ya mwaka 2016, binti wa miaka 16 anapelekwa Firenze baada ya mama yake kufariki, na nyumba anayokaa imo ndani ya makaburi ya askari wa Kimarekani. Kwa kitabu cha vijana chenye neno aiskrimu kwenye jina lake, hilo ni jambo zito. Rebecca Serle naye, katika One Italian Summer ya 2022, anampeleka mwanamke Positano akiwa na msiba wa mama, na huko anamkuta mama yule yule, kijana, mzima, anacheka. Kijuujuu unasoma mapenzi. Chini yake unasoma mtoto anayemtafuta mzazi. Italia ni mahali pa kukutania tu. Vitabu hivi viwili vinasomeka vizuri, na sina la kuongeza.

Linalonishughulisha mimi ni upande wa pili wa riwaya hizi. Kila moja inajinadi kuwa ni ya mapenzi na ya ndoto za kufika mbali. Mapenzi nayaona. Hizo ndoto ziko wapi?

Kiswahili chetu kina uonevu wake hapa. Mwanamume akitaka kufika mbali tunasema ana ari. Mwanamke akitaka kule kule tunasema ana tamaa. Neno moja ni sifa, la pili ni onyo. Na riwaya ya Italia, kwa namna yake ya ukarimu, imebuni ujanja wa kumwepusha mwanamke na onyo hilo: inamwambia aache kazi kwanza. Atupe simu, ale tambi, alale mchana. Halafu, akishatubu kwa kupumzika, anaruhusiwa kutaka tena.

Angalia kitabu kilichojaza ndege watu, Eat, Pray, Love cha Elizabeth Gilbert, cha mwaka 2006. Si riwaya, ni kumbukumbu zake mwenyewe, lakini riwaya nyingi zimezaliwa kwa mfano wake. Miezi minne Italia, minne India, minne Indonesia. Watu wanakumbuka kwamba alikwenda Italia kutafuta mapenzi. Hakwenda. Italia alijinyima mapenzi kabisa. Alijifunza lugha, akala piza ya Napoli mpaka suruali zikamkataa. Mapenzi yalimngoja Bali. Na jambo ambalo wasomaji hulipita haraka ni kwamba mchapishaji alikuwa ameshamlipa kabla hajapanda ndege. Mwanamke yule alikuwa kazini! Kila kijiko cha aiskrimu kilikuwa saa ya kazi. Simlaumu hata kidogo, namvulia kofia. Ila tusidanganyane kwamba aliacha ari yake uwanja wa ndege wa New York.

Frances Mayes ni hivyo hivyo. Alikuwa mshairi na mwalimu wa chuo kikuu San Francisco aliponunua nyumba iliyochakaa nje ya mji wa Cortona mwaka 1990, pamoja na mwenzi wake. Kitabu, Under the Tuscan Sun, kilitoka 1996, na kama umekitafuta kwa ajili ya mahaba umepotea njia: ni kitabu cha visima, kuta za mawe, mizeituni na mafundi wasiotokea siku waliyosema watatokea. Hollywood ilipokichukua mwaka 2003 ikaona hakina moto. Ikamtoa mwenzi, ikamtia mhusika talaka, ikamletea Mtaliano mwenye macho mazuri. Lakini nitawasifu watengenezaji wa filamu ile kwa jambo moja. Mafundi wanaojenga nyumba ni wahamiaji kutoka Poland, na mmoja wao, kijana Pawel, amempenda binti wa Kitaliano ambaye wazee wake hawataki kusikia habari ya mgeni asiye na kitu. Shangazi angefurahi. Hatimaye mwenye kubeba matofali naye amepewa moyo.

Msikilizaji, nimekuja na vitabu viwili ambavyo ndivyo hasa vilivyonitoa nyumbani leo. Vyote viwili vina Italia, vina mapenzi, vina mwanamke anayetaka kufika mbali. Na kwa bahati ya ajabu, vyote viwili ni vitabu vya viatu.

Cha kwanza ni Very Valentine cha Adriana Trigiani, cha mwaka 2009. Valentine ni Mmarekani wa ukoo wa Kitaliano, ana miaka 33, aliacha ualimu akaenda kujifunza ushonaji viatu kwa bibi yake, Teodora, katika karakana ya familia kule Greenwich Village, New York. Karakana ilianzishwa 1903. Wanashona viatu vya maharusi, kwa mkono, jozi baada ya jozi. Na karakana imezama kwenye madeni. Kaka yake anataka jengo liuzwe, kwa sababu ardhi ya mtaa ule sasa ina thamani kuliko viatu vyote vitakavyoshonwa humo mpaka kiama.

Valentine anampata mwanamume, mpishi, mwenye mgahawa wake. Wanapendana kweli, lakini wanapendana kwa ratiba. Yeye anamaliza kazi jioni, mwenzake ndiyo kwanza anawasha majiko. Trigiani ameliona jambo ambalo wengi hawaliandiki, kwamba watu wawili wenye ari hawagombani kwa sababu ya mwanamke mwingine au mwanamume mwingine. Wanagombana kwa sababu ya saa. Kisha inakuja safari ya Italia. Wengine wangeiandika kama likizo. Hapa ni safari ya kununua ngozi! Bibi na mjukuu wanakwenda Arezzo kwa mtengenezaji ngozi ambaye familia imenunua kwake miaka na miaka, wanapapasa ngozi, wananusa, wanabishana bei. Baadaye Valentine anatakiwa kukutana na mpenzi wake kisiwani Capri. Mpenzi anakwama kwenye mgahawa wake. Msichana wa riwaya ya kawaida angekaa dirishani akilia mbele ya mandhari. Huyu anaingia kwenye duka la fundi mzee wa makubadhi, anakaa karibu na kibao chake, anajifunza.

Na mapenzi ya Toscana, yale ya machweo na divai, nani kayapata? Bibi. Bibi wa miaka 80, kwa yule mtengenezaji ngozi wa Arezzo. Hiyo ndiyo sababu nakipenda kitabu hiki kuliko ninavyopaswa, maana kina maneno mengi na kila mtu anaeleza alichovaa. Kimejua kwamba Italia ya mjukuu si Italia ya bibi.

Tena kimejua historia yake. Kati ya mwaka 1880 na 1924 Waitaliano wapatao milioni 4 waliingia Marekani, wengi kutoka kusini, na hawakuondoka kwao kwa kukosa machweo. Waliondoka kwa kukosa mkate. Trigiani aliandika pia habari za babu na bibi yake mwenyewe katika The Shoemaker's Wife ya mwaka 2012: kijana fundi viatu, na msichana aliyefika New York akawa mshonaji wa mavazi ya jukwaani kwenye jumba la opera la Metropolitan. Ukivisoma pamoja unaona kwamba mjukuu anapopanda ndege kwenda Toscana anarudisha nyuma safari ya meli ya babu. Babu alikimbia pale mjukuu anapokwenda kupumzika.

Cha pili mnakijua, au mmesikia jina: L'amica geniale cha Elena Ferrante, cha 2011, mwanzo wa mfululizo wa vitabu vinne. Ferrante ni jina la kalamu. Hapa hatuna mgeni wala dirisha la kutazama mto. Tuko Napoli, miaka ya 1950, mtaa wa maskini, vumbi, kelele, mkono wa baba. Wasichana wawili, Lila na Elena, wamesoma pamoja kitabu cha Louisa May Alcott mpaka kikachakaa, wakakata shauri kwamba wakikua wataandika riwaya na kuwa matajiri. Mapenzi hawajayafikiria. Walichofikiria ni pesa, na heshima inayokuja na kitabu. Lila ndiye mwenye akili ya moto, na Lila ndiye anayetolewa shule baada ya msingi kwa sababu nyumbani hawataki kulipa.

Baba yake ni fundi viatu. Basi akili ile iliyofungiwa ikatafuta mlango, ikaupata miguuni mwa watu. Lila anachora viatu ambavyo mtaa ule haujawahi kuviona, na yeye na kaka yake wanashona jozi moja ya kiume kwa siri, miezi mizima, vidole vimejaa sugu. Baba anapoiona anafura kwa hasira. Kumbuka, hiki ni kiatu tu. Lakini baba ameelewa: ndani ya kiatu kile kuna mtoto anayejua kuliko yeye.

Sasa, kama unataka kusoma kitabu mwenyewe, punguza sauti ya redio kwa dakika moja. Kijana mwenye duka la vyakula, Stefano, anampenda Lila. Anafanya jambo ambalo hakuna shairi linaloweza kulifikia: anainunua ile jozi, anatia mtaji karakana ya baba wa Lila, michoro ya Lila ya utotoni anaitia fremu. Fikiria mwenyewe umekatazwa shule, halafu anakuja mtu anathamini kazi ya kichwa chako kwa fedha taslimu. Nani hatakubali posa? Lila anaolewa ana miaka 16. Na siku ya harusi, katikati ya sherehe, anaingia Marcello Solara, kijana wa ukoo wa majambazi wa mtaa, mtu ambaye Lila anamchukia kuliko wote, amevaa viatu. Vile viatu.

Kitabu kinaishia hapo.

Nilipomaliza ukurasa ule nilikaa kimya muda mrefu. Ferrante hahitaji kueleza. Bwana harusi ameiuza ndoto ya mkewe kabla keki haijakatwa, kwa sababu biashara ilihitaji fedha za Solara. Mapenzi na ari vilikuja vimeshikana mikono, vikaondoka vimevaliwa na adui. Viatu vya Valentine vinampeleka bibi harusi kanisani. Viatu vya Lila vinamrudia bibi harusi vikiwa miguuni mwa mtu mwingine. Italia ni ile ile. Tofauti ni kwamba Valentine ana tiketi ya kurudi.

Napoli hiyo hiyo, nidokeze tu, ndiko Kiswahili chetu kilikofundishwa miaka mingi, katika chuo kikuu cha L'Orientale, na ndiko Elena Bertoncini aliyeandika juu ya historia ya fasihi ya Kiswahili alikofundisha. Mapenzi ya namna nyingine hayo.

Waitaliano wenyewe basi wanaandikaje mapenzi? Riwaya ya upelelezi kwao inaitwa ya njano, kwa sababu ya majalada ya njano ya Mondadori tangu 1929. Ya mapenzi inaitwa rosa, ya waridi. Malkia wa rosa alikuwa Liala. Alizaliwa 1897, akafa 1995, na jina hilo alipewa na mshairi Gabriele D'Annunzio, akahakikisha limebeba ndani yake neno ala, yaani bawa. Bawa halikuwa pambo. Liala alikuwa ameolewa, akampenda rubani, na rubani huyo akafa ndege yake ilipoanguka ziwani mwaka 1926. Riwaya yake ya kwanza, Signorsì, ya 1931, ni ya rubani. Alichopoteza ziwani alikirudisha kwa wino, akaishi kwa wino huo zaidi ya miaka 60.

Katika kizazi cha karibuni, Federico Moccia alilipia mwenyewe uchapishaji wa Tre metri sopra il cielo mwaka 1992. Wanafunzi wa Roma wakatoa nakala kwa mashine, wakapitishiana, mpaka kampuni kubwa ikakichapisha upya 2004. Katika kitabu kilichofuata wapenzi wawili wanafunga kufuli kwenye nguzo ya taa ya daraja la Milvio na kutupa ufunguo mtoni. Vijana wakaiga kwa maelfu, nguzo zikalemewa, na mwaka 2012 mji ukaja na mikasi ya chuma. Wasomaji wa nchi gani nyingine wameivunja taa ya barabarani kwa ajili ya riwaya?

Lakini anayenichekesha zaidi ni Felicia Kingsley. Ni Mtaliano wa upande wa Modena, kwa taaluma ni msanifu majengo, na siku hizi ni miongoni mwa waandishi wanaouza zaidi Italia. Jina hilo la Kiingereza amelichagua mwenyewe. Na katika Matrimonio di convenienza, kilichomtambulisha mwaka 2017, wahusika wake wako wapi? Uingereza. Msichana wa London anayefanya kazi ya kupamba watu nyuso, na bwana wa kimwinyi mwenye jumba kubwa. Yaani Mwingereza anafunga mizigo kwenda Italia kutafuta mapenzi, na Mtaliano anayasoma mapenzi ya Uingereza ndani ya treni akienda kazini, kama kazi anayo, maana Italia ni miongoni mwa nchi za Umoja wa Ulaya zenye wanawake wachache zaidi kwenye ajira. Kila mmoja anadhani dirisha zuri liko kwa mwenzake.

Kuna hadithi moja ya mapenzi na ari Italia ambayo hakuna aliyeibuni. Sarah Parker Remond alizaliwa Salem, Massachusetts, mwaka 1826, mwanamke Mweusi aliye huru katika nchi iliyokuwa bado na watumwa. Alizunguka Marekani na Uingereza akihutubia dhidi ya utumwa. Mwaka 1866, akiwa na miaka 40, akahamia Firenze, akasomea tiba katika hospitali ya Santa Maria Nuova. Mwaka 1877, amevuka 50, akaolewa na Mtaliano, Lazzaro Pintor. Alifariki 1894, akazikwa Roma. Huyu hakwenda kupumzika. Alikwenda kutafuta kile alichonyimwa kwao, na mapenzi yakamkuta kazini.

Mwandishi Igiaba Scego, mzaliwa wa Roma mwenye asili ya Somalia, amemchukua Sarah na mchongaji Edmonia Lewis, Mmarekani mwingine aliyefanya kazi Roma karne ile, akawafinyanga kuwa mhusika mmoja, mchoraji Lafanu Brown, katika riwaya La linea del colore ya 2020. Na pembeni ya Lafanu, katika zama zetu hizi, ameweka msichana wa Kisomali anayejaribu kufika Ulaya bila pasipoti inayofaa. Ukimaliza, yale malimau ya jaladani yanakuwa na ladha nyingine.

Hapa kwetu Malindi tunaitazama hadithi hii kutoka nyuma ya pazia. Waitaliano walitujia miaka ya 1960 na jukwaa lao la kurushia setilaiti kule Ngomeni, na moja ya setilaiti hizo, iliyoruka Desemba 12, 1970, ikaitwa Uhuru. Wakafuata wengine na hoteli, na aiskrimu, na nyumba za makuti. Leo kijana wa ufukweni anakusalimia ciao kabla hajakusalimia kwa Kiswahili. Na huko kwao, vijiji vya Sicilia kama Sambuca na Mussomeli viliwahi kufika mahali pa kuuza nyumba kuanzia yuro 1, kwa sababu vijana wameondoka kwenda kutafuta maisha Milano, Berlin, London. Nyumba ile tupu, iliyoachwa na mwenyeji mwenye ari, ndiyo anayoiingia mhusika wetu mwenye kofia pana kutafuta moyo wake. Riwaya yake inaanzia pale ya mwenzake ilipohama.

Shangazi sasa amestaafu. Macho hayampi nafasi ya kusoma, kwa hiyo namhadithia bado. Juzi nilimpa ya Valentine yote, deni la karakana, kaka anayetaka kuuza, mpishi asiyetokea Capri, ngozi ya Arezzo. Alisikiliza, ungo magotini. Nilipofika kwa bibi Teodora na yule mzee wa ngozi akacheka mpaka akashika mbavu.

"Miaka 80?"

"Ndiyo, shangazi. Na kitabu cha pili kinaanza na harusi yake, Toscana."

Akatikisa ungo, akapeperusha makapi. Karakana, mpishi, Capri, hayo yote aliyaacha yapite. "Viatu vya harusi yake," akasema, "kashonewa na nani? Usiniambie kajishonea mwenyewe. Mwanamke kawashonea wenzake maisha yake yote."